Sura ya Tisa: Kabla Jibu Halijatoka

Kiprono hakubisha hodi. Katika miezi yote aliyomfahamu, Laurentine hakuwahi kumwona akiingia ofisini bila kugonga mlango taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Alasiri hiyo ya Oktoba aliusukuma tu, akaingia na koti lililolowa mvua, akasimama mbele ya meza.

"Ni kweli umenitoa?" akauliza.

Laurentine aliweka kalamu chini. Alijua saa hii ingekuja. 

"Kaa kwanza, Kip."

"Nitakaa nikishajibiwa. Birgitta ameniandikia. Anasema kuanzia leo yeye ndiye atakayeniandaa kwa mahojiano. Mahojiano ni wiki ijayo, Laurentine. Tumekuwa pamoja kwenye maombi haya tangu theluji ilipokuwa inayeyuka, halafu unanikabidhi kwa mtu mwingine kama mzigo wa posta?"

"Birgitta ni mzoefu kuliko mimi."

"Sikuuliza habari za Birgitta."

Nje ya dirisha majani ya njano yalikuwa yakianguka kwenye uwanja wa chuo, na wanafunzi walipita wakiwa wameinamisha vichwa kwa sababu ya mvua. Laurentine aliwatazama wao ili asimtazame yeye. Akimtazama machoni, kila alichokipanga kukisema kingemponyoka.

Kazi yake ilikuwa hiyo: kuwasaidia watafiti wa chuo kikuu kupata fedha za serikali. Wengi wao walikuwa na akili za kutisha maabarani, lakini ukiwaambia waeleze katika ukurasa mmoja kwa nini taifa la Sweden liwalipie, walitoa macho. Laurentine aliwatafutia mfuko unaofanana na kazi yao, akawasomea rasimu zao, akawauliza maswali magumu kabla jopo la Baraza la Sayansi halijawauliza. Wakishinda walimletea keki wakati wa fika, ile saa ya kahawa ambayo Mswidi haikosi. Wakishindwa walimlilia. Na yeye alikuwa mzuri katika kazi hiyo, msichana wa Bujumbura aliyejifunza Kiswidi akiwa na miaka kumi na mitatu katika darasa la wageni kule Vårby gård, kusini mwa Stockholm.

Kiprono alimjia mwezi wa Februari, akiwa mkemia kutoka Kenya, mkataba wake wa chuo ukikaribia kuisha. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mwenye mazoea ya kucheka huku ameziba mdomo kwa mkono. Laurentine alisoma rasimu yake mbele yake, kisha akamwambia bila kuficha:

"Unaandika kama mtu anayeomba msamaha. Ukurasa wote wa kwanza unaeleza wengine wamefanya nini. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Kiprono alicheka kidogo, mdomo ameuziba. Halafu akaushusha mkono wake na kumwonyesha meno. Yalikuwa ya kahawia, yenye vishimo vidogo vidogo, kama mawe yaliyoliwa na maji.

"Niko hapa," alisema. "Haya ni maji ya kisima cha kwetu Mogotio. Yana floraidi nyingi kupita kiasi. Mimi yamenigusa meno tu. Dada yangu yamempinda miguu."

Laurentine hakugeuza macho. Baadaye, kila alipojiuliza ni lini hasa moyo wake ulihama, alirudi kwenye dakika ile.

"Basi hayo ndiyo uyaandike," alimwambia.

"Watanionea huruma."

"Jopo halitoi pesa kwa huruma. Linatoa kwa mtu ambaye haliogopi kwamba ataiacha kazi njiani."

Wakaandika. Kiprono alikuwa na wazo moja, na lilikuwa wazo zuri. Kule kwao watu huchuja maji kwa mkaa wa mifupa, nao huondoa floraidi vizuri, lakini baada ya muda mkaa ule huchoka, na hakuna anayejua. Maji hubaki meupe, ladha ni ile ile, mama anaendelea kuwanywesha watoto akidhani wako salama. Yeye alitaka kutengeneza karatasi ya bei ndogo inayobadilika rangi chujio likichoka, ili mama ajue mwenyewe, jikoni kwake. Walipeleka maombi hayo mwezi wa Aprili. Mwezi wa Septemba Baraza likamwita kwa mahojiano, na siku hiyo Kiprono alisahau kuziba mdomo alipocheka.

Katikati ya hayo yote hakuna kitu kilichotokea, kama mtu angeuliza. Kulikuwa na kahawa tu. Kulikuwa na kutembea pamoja hadi kituo cha treni jioni, na Kiprono kuuacha mlango wa treni ujifunge bila kupanda, akisema za kwenda kwake Jakobsberg zipo nyingi. Kulikuwa na kutazamana, na kuacha kutazamana. Hawakuwahi hata kushikana mikono.

"Laurentine." Sauti yake ilikuwa imeshuka sasa, na hilo liliuma zaidi. "Kama umeona sitashinda, niambie. Nimezoea kuambiwa."

"Siyo hivyo."

"Ni nini basi?"

"Kuna taratibu. Mshauri hatakiwi kumhudumia mtu ambaye ana..." Alisita. "Ambaye ana uhusiano naye."

"Uhusiano gani? Sisi tuna uhusiano gani?"

"Hatuna. Lakini Jumatatu nilikuwa nasoma maombi ya mtu mwingine. Mama mmoja wa fizikia, amekuja kwangu kwa imani, kazi yake ni nzuri, na anagombea fungu lile lile na wewe. Nikajikuta naomba moyoni ashindwe." Alimtazama hatimaye. "Unaelewa? Mimi, ambaye nalipwa nimsaidie. Niliogopa sana, Kip. Asubuhi yake nikaenda kwa mkuu wangu, nikamwambia anitoe kwenye maombi yenu nyote wawili."

"Ukampa sababu gani?"

"Kwamba siwezi tena kukusoma kama ninavyowasoma wengine."

"Kwa nini huwezi?"

"Usinilazimishe niseme."

"Nakulazimisha."

Laurentine alisimama, akaona kusimama hakumsaidii, akakaa tena.

"Kwa sababu nakupenda," alisema. "Haya, nimesema. Sasa kaa chini, unalowesha zulia la serikali."

Kiprono alikaa. Koti lilikuwa likimchuruzika maji. Mtu alipita koridoni akipiga mluzi. Uso wa Kiprono ulikuwa unabadilika polepole, hasira ikiondoka kwanza kwenye paji, kisha kwenye mdomo.

"Mimi nilidhani umenichoka," alisema.

"Ningekuwa nimekuchoka ningeendelea na kazi yako. Ingekuwa rahisi."

"Sikulala jana. Niliposoma ile barua pepe, hata sikuwaza pesa. Niliwaza kwamba sitakuwa tena na sababu ya kuja kwenye chumba hiki." Akatabasamu kidogo, akilitazama zulia. "Nakupenda tangu ulipouliza niko wapi. Ndiyo maana nilikuwa nakosea makusudi tarakimu za bajeti. Ili uniite tena."

"Nilijua. Hakuna mkemia asiyejua kujumlisha."

Walicheka, na kicheko cha Laurentine kikageuka machozi. Alipofuta macho, Kiprono aliinama mbele.

"Sasa unalia nini?"

"Nalia kwa sababu ile ratiba ya mradi niliipanga na wewe. Ukishinda, mwezi wa tatu unakwenda Kenya, na nusu ya kila mwaka utakuwa huko kwenye visima. Usiposhinda, mkataba wako unaisha Desemba na kibali cha kuishi kinaisha nao. Nimegeuza kila upande. Sioni mlango usiokupeleka mbali."

 Kiprono alilifikiria hilo kwa uaminifu, kama alivyofikiria kila kitu, na Laurentine akampenda zaidi kwa kutomdanganya.

"Unataka nishindwe?" akauliza mwishoni.

"Nataka ushinde mpaka kichwa kinaniuma."

Kiprono alinyoosha mkono juu ya meza, juu ya makaratasi ya watu wengine, akaushika wake. Mkono wake ulikuwa wa baridi kwa mvua. Wakakaa hivyo mpaka simu ya mezani ilipolia, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia.

*

Habari husafiri upesi kwenye mstari mwekundu wa treni unaopita Vårby gård. Jumamosi Laurentine alipokwenda kwa wazazi wake, jengo la pili kutoka lake, mama yake alikuwa ameshajua. Mama Emérithe alikuwa anapika sombe, na harufu ya majani ya muhogo na mawese ilikuwa imejaa ngazi nzima. Siku za kazi alikuwa akiwatunza wazee wa Kiswidi. Siku za mapumziko alijitunza mwenyewe kwa chakula cha kwao.

"Nimesikia kuna Mkenya," alisema bila kugeuka kutoka jikoni.

"Umesikia wapi?"

"Kanisani wanaongea. Mais, lakini wewe mtoto, mwanamume wa kazini kwako? Yule unayemtafutia pesa?"

"Simtafutii tena. Nimemwachia mwenzangu."

"Ah. Kwa hiyo ni kweli." Mama alipunguza moto, akageuka, mwiko mkononi. "Nisikilize. Mtoto wa Zénon yupo pale Upplands Väsby. Bruce. Ana kazi uwanja wa ndege, ana nyumba, anaongea Kirundi, mama yake namjua tangu tulipokuwa wakimbizi Kigoma. Ameuliza habari zako tena."

"Mama, Bruce na mimi tumekua pamoja. Namwona kama mdogo wangu Arnaud. Siwezi kuolewa na mdogo wangu."

"Donc, kwa hiyo utaolewa na mtu wa safari. Akipata, anaondoka. Akikosa, anaondoka, au anakushika mkono ili asiondoke. Utajuaje kama anakupenda wewe au anapenda kibali?"

Swali hilo Laurentine alikuwa amejiuliza mwenyewe, kitandani, kwa aibu. Kulisikia kwa sauti ya mama yake kulimkasirisha kuliko kama lingekuwa jipya.

"Tangu Februari angeweza kuniambia neno tamu lolote. Hakuniambia. Mimi ndiye niliyeanza."

Mama Emérithe akaketi kwenye kiti cha jikoni. "Wewe ndiye uliyeanza," akarudia. Alimtazama bintiye kwa macho ambayo hayakuwa ya hasira. "Unamshonea mwanamume nguo za safari, halafu unalia kwa sababu anasafiri. Mwanangu, nani alikufundisha mapenzi ya namna hiyo?"

Sauti ya baba yake ikatoka sebuleni. Mzee Cyriaque alikuwa bado na sare ya udereva wa basi, amejinyoosha kwenye kochi, macho yamefumbwa; walidhani amelala.

"Laurentine."

"Baba."

"Huko Afrika nilikutoa mimi. Sitaki kukuona ukifunga mzigo tena."

"Baba, Kenya siyo—"

"Nimesema."

Laurentine alimjua baba yake vya kutosha kutojaribu tena. Walikula sombe. Ilikuwa tamu kama kawaida, na hilo lilimfanya atake kulia zaidi.

*

Mahojiano yalifanyika Alhamisi iliyofuata. Laurentine hakwenda, hakupiga simu, hakumuuliza Birgitta kitu. Alijishughulisha na mwanafizikia mwingine na mtaalamu wa chawa wa samaki, akiwasomea rasimu kwa ukali usio wa lazima. Saa ya chakula ujumbe ukaingia kwenye simu yake: *Nimemaliza. Sikuziba mdomo.*

Jioni akampigia.

"Nipe namba ya baba yako," Kiprono alisema kabla hata ya salamu kuisha.

"Ya nini?"

"Nimwombe ruhusa ya kuja kumwona Jumapili."

"Kip, subiri jibu. Ni wiki chache tu. Ukija umeshinda, wataona—"

"Sitaki waone hivyo. Nipe namba."

Alimpa. Usiku huo baba yake hakumwambia lolote. Mama yake alimtumia ujumbe mmoja tu: *Anakula sombe?*

Jumapili, baada ya misa, Kiprono alitembea kutoka kituo cha Vårby gård akiwa amevaa suti ya kijivu, mkononi ameshika majani ya chai ya Kericho aliyokuwa amehifadhi kwa ajili yake mwenyewe. Laurentine alimwona kutoka dirishani, kati ya majengo marefu, akiuliza njia kwa mama mmoja mwenye kigari cha mtoto. Alimwona akisimama chini ya jengo na kukaza tai. Hapo akaacha kuchungulia. Kumtazama zaidi kulikuwa kama kumwibia.

Kiprono alisalimia kwa mikono miwili. Alikaa pale alipoonyeshwa. Alikula sombe, akaomba tena, na Mama Emérithe, aliyekuwa ameapa kutomchangamkia, akamjazia sahani mpaka pembeni. Waliongea habari za baridi inayokuja, na za treni zinazochelewa. Vyombo vilipoondolewa, Mzee Cyriaque akaweka viganja kwenye magoti.

"Haya, kijana. Umesema una neno."

"Ndiyo, mzee." Kiprono aliweka kikombe chini. "Nampenda Laurentine. Nimekuja kuomba mnifahamu, na mkiridhika nami, niwalete wazee wangu."

"Mbona leo? Nasikia kuna jibu la pesa za serikali unalingoja."

"Ndiyo maana nimekuja leo. Nikingoja nishinde ndipo nije, mtasema nimekuja na kiburi. Nikija baada ya kushindwa, mtasema natafuta kibali. Leo sina kitu mkononi, mzee. Nimekuja kabla jibu halijatoka ili mnione mimi mwenyewe."

Mama Emérithe, aliyekuwa anafuta meza iliyokwisha kuwa safi, akaacha kufuta.

Mzee Cyriaque hakuonyesha kitu usoni. "Na ukishinda?"

"Nitakwenda kwetu mwezi wa tatu. Nusu ya kila mwaka nitakuwa kule, nusu hapa. Mradi ukiisha, sijui."

"Ukishindwa?"

"Nitaondoka Desemba. Nitaomba tena nikiwa Kenya. Kurudi kwangu hapa, sijui ni lini."

"Wewe hujui vitu vingi."

"Kweli, mzee. Ningeweza kusema nitarudi siku fulani ili mnipe jibu zuri. Lakini nitakuwa nakisia."

 Laurentine alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mikono imeshika kitambaa, na alimwona baba yake akitazama dirisha kwa namna ambayo hakuwa amemwona akitazama kitu chochote kwa miaka mingi.

"Siku tunayotoka Bujumbura," mzee alianza, "huyu alikuwa amefua sare ya shule. Ilikuwa kwenye kamba, mbichi. Akaniambia, baba, tungoje ikauke. Nikamwambia iache, tutarudi Jumamosi." Alikohoa kidogo. "Nilijua haturudi Jumamosi. Kule Kigoma, kila Jumamosi alikuwa anavaa kandambili asubuhi na kukaa mlangoni. Hakulalamika. Alikaa tu. Mpaka siku moja hakukaa tena, na hiyo ndiyo siku iliyoniumiza kuliko zote."

"Baba," Laurentine akasema kwa sauti ndogo. Hakuwa akijua kwamba baba yake alikuwa akimwona Jumamosi zile.

"Ngoja nimalize. Sijawahi kumwambia tena siku nisiyoijua. Na nilijiapia kwamba hakuna mwanamume atakayemwambia." Akamgeukia Kiprono. "Umekaa hapa na ungeweza kuniambia Jumamosi. Hukuniambia. Asante."

Kiprono aliinamisha kichwa. 

"Sijasema ndiyo," mzee akaendelea. "Mwanangu ana kazi, ana kichwa chake. Hafungi mzigo kwa sababu mwanamume amesema twende."

"Siwezi kumwambia twende, mzee. Naweza kumwambia niko wapi. Kuja au kutokuja ni kwake."

"Uje tena Jumapili," Mzee Cyriaque alisema, akiinuka. "Jibu liwe hili au lile, uje."

Mama Emérithe alichukua yale majani ya chai, akayanusa, akasema kwa sauti ya kulalamika kwamba maji yameshachemka siku nyingi na hakuna anayemletea maziwa. Laurentine alikimbilia friji. 

*

Jibu lilitoka wiki ya pili ya Novemba, wakati giza la Stockholm linapoanza kushuka kabla watu hawajatoka kazini. Baraza lilibandika majina kwenye tovuti yake saa ya mchana. Washauri wote wa ofisi ya Laurentine walikusanyika kwenye kompyuta ya Birgitta, kila mmoja akitafuta watu wake. Mama wa fizikia alikuwemo. Laurentine alifurahi, kwa furaha safi kabisa, na akajishukuru kwa lile alilolifanya Oktoba.

Kisha Birgitta akaweka kidole kwenye kioo na kumtazama. Jina la Kiprono lilikuwa chini kidogo.

Laurentine hakuchukua koti. Alishuka ngazi, akapita uwanjani kwenye upepo, akaelekea jengo la kemia, na akamkuta ameshatoka nje, amesimama mlangoni na koti jeupe la maabara, simu mkononi, kama mtu aliyeanza safari na kusahau aendako.

"Umeona?" akamuuliza.

"Nimeona."

"Nimempigia dada yangu. Alilia mpaka simu ikakatika." Akaitia simu mfukoni. "Nilikuwa nakuja kwako. Nikafika hapa nikasimama. Sijui nije na sura gani. Nimepata, Laurentine. Maana yake mwezi wa tatu nakwenda."

"Najua ni mwezi wa tatu. Niliuandika mimi."

"Basi sijui nifurahi vipi."

"Furahi kwanza," alisema. "Furahi kama mtu. Mimi nimeshafurahi tangu ngazini."

Akamkumbatia. Ilikuwa mara yao ya kwanza, mchana, mbele ya wanafunzi na baiskeli zao, na Kiprono aliyekuwa akimwogopa kila mtu alimshika kana kwamba uwanja mzima ulikuwa mtupu. Alinuka dawa za maabara na sabuni. 

"Njoo na mimi," akamnong'oneza. Halafu akajirudi. "Hapana. Nilimwahidi baba yako. Nitakwambia tu niko wapi. Nitakuwa Mogotio, kuna nyumba ya bati nyuma ya zahanati, tutaikodi kwa ajili ya—"

"Siwezi kuja mwezi wa tatu."

Mikono yake ililegea. "Naelewa."

"Huelewi. Aprili ni mwisho wa maombi ya mwaka. Nina watafiti kumi na zaidi ambao hawajui hata kuandika muhtasari, siwezi kuwaacha. Nitakuja Mei." Alimsogeza kidogo amtazame usoni. "Nina likizo nyingi sijazitumia. Nitakuja niione Mogotio kwa macho yangu, nimwone dada yako na hicho kisima. Nikiipenda, nitamuomba mkuu wangu nifanye kazi nikiwa huko kwa miezi fulani; rasimu husomwa popote palipo na intaneti. Nisipoipenda, nitakwambia, na tutatafuta njia nyingine. Lakini mzigo nitaufunga mwenyewe, taratibu, nguo zikiwa zimekauka."

 Kiprono akacheka, kicheko chote, na meno yake ya kahawia yakapata mwanga wa taa iliyowaka juu ya mlango.

"Mei," alisema.

"Mei."

Simu ya Laurentine ikalia. Alikuwa baba yake. Kwa mlio wa injini nyuma yake, alikuwa ameegesha basi mwisho wa njia.

"Jibu limetoka?" mzee akauliza.

"Limetoka, baba. Ameshinda."

 Laurentine alimshika Kiprono mkono, akaubana.

"Vizuri," Mzee Cyriaque alisema. "Ni kijana wa kazi." Akakohoa. "Sasa, mama yako anauliza kama wazee wa huyo kijana wanaweza kufika kabla ya mwezi wa tatu. Lazima wapate viza, mambo ya viza yanachukua muda. Anasema waanze sasa."

"Mama anasema hivyo?"

"Ndiyo. Nimemaliza, abiria wanapanda." Na akakata.

Laurentine alikuwa bado anaitazama simu ilipolia tena. Safari hii ni mama yake, akiwa kazini, akiongea kwa sauti ya chini ili wazee wake wa Kiswidi wasiamke.

"Baba yako amekupigia?"

"Amenipigia sasa hivi."

"Amekuuliza habari za wazee wa Kiprono? Asubuhi alipoondoka alisema lazima aulize."

"Amesema ni wewe unayeuliza."

"Mimi?" alisema Mama Emérithe. "Mimi sijaongea naye tangu asubuhi."